Mstari tunaouchora shingoni

Hotuba ya kufungua mafunzo ya kuchora shabaha za mionzi, kwa madaktari, wanafizikia tiba na wateknolojia wa mionzi, Dar es Salaam

Wazee wangu mlioketi safu ya mbele, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za asubuhi. Najua wapo waliosafiri na basi usiku kucha, na wapo waliovuka mpaka, na bado saa mbili kamili kila kiti kilikuwa na mtu. Nawashukuru kwa hilo kabla sijasema lolote.

Nitaanza na chumba mnachokijua wote, chumba cha barakoa. Mgonjwa amelala chali kwenye meza ngumu, shati limevuliwa, shingo imeegemezwa kwenye mto wa plastiki. Kwenye beseni kuna maji yenye joto la nyuzi karibu 70, na ndani yake karatasi ya plastiki yenye matundu imelainika kama chapati mbichi. Wateknolojia wawili wanaitoa, wanaikung'uta maji, wanaivuta kwa pamoja kuanzia utosini mpaka mabegani, wanabana kingo zake mezani, kisha wanaipapasa ishike pua, ishike kidevu, ishike paji la uso. Baada ya dakika chache imekauka. Kuanzia hapo mtu yule ana sura ya pili, na kila siku ya tiba atafungwa ndani yake, amelala vilevile, kichwa kikitazama palepale.

Miaka mingi iliyopita tulimtengenezea barakoa mvuvi mmoja mtu mzima aliyekuwa na saratani ya kongomeo. Hakulalamika, hakusema neno. Plastiki ilipomgusa usoni aliinua mabega yakakaribia masikio, akayashikilia huko mpaka ikakauka. Nje kulikuwa na foleni ndefu. Tukaona barakoa imekaa vizuri, tukampeleka kwenye CT, mashine ya eksirei inayopiga mwili kipande kwa kipande, picha zikapigwa, nikachora juu yake mstari wa mahali pa kupigwa mionzi. Siku ya kwanza ya tiba alikuja ametulia. Mteknolojia aliyempokea alimsalimia kwa lafudhi ya kwao, wakagundua kwamba wana ndugu kijiji kimoja. Mzee akapanda mezani, mabega yakashuka mahali pake pa kila siku, na barakoa ikakataa kufunga. Shingo yake halisi ilikuwa ndefu kuliko ile niliyokuwa nimeichora. Tulikuwa tumepiga picha ya woga wake.

Tulirudia kila kitu: barakoa, CT, michoro, mahesabu. Aliniambia baadaye kwamba ameshapinduliwa na ngalawa usiku akaogelea mpaka asubuhi, lakini kufunikwa uso akiwa hawezi kusogea ndiko kulikomtisha zaidi. Tangu siku ile, kwenye idara ninayofanya kazi, mgonjwa wa barakoa hukaa kwanza kwenye kiti dakika 10, akaishika plastiki kwa mikono yake, akaelezwa. Foleni inasubiri.

Nimeanza na mzee huyu ili tuafikiane jambo moja kabla hamjagusa kompyuta. Saratani ya kichwa na shingo tunaitibu kwenye picha kwanza, ndipo tunapokwenda kuitibu mezani. Mashine haiijui saratani, inaujua mstari. Ukichora vibaya mara moja, itarudia kosa lako mara 35, kila siku kwa usahihi uleule.

Picha hizi za CT zina asili ambayo mtu wa fani yetu barani Afrika anapaswa kuijua kama anavyojua kwao. Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town ilihitaji mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya vitu vya mionzi. Aliyeazimwa kutoka chuo kikuu alikuwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, siku moja na nusu kwa wiki. Akakaa katika idara ya tiba ya mionzi, akawatazama wenzake wakipanga matibabu, na jambo moja likamkera. Mahesabu ya dozi yaliuchukulia mwili wa binadamu kama mtungi wa maji, kitu kimoja tangu juu hadi chini, wakati ndani yake kuna mfupa, kuna hewa, kuna nyama. Akajiuliza mtu atawezaje, kwa kupima kutoka nje, kujua kila sehemu ya ndani inazuia mionzi kiasi gani. Alifanya majaribio na kipande cha alumini kilichozungushiwa mbao, akachapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Kule Uingereza, Godfrey Hounsfield alifika kwenye jibu hilo kwa njia yake mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya kichwa katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo mwanafizikia aliyekaa chumba kama cha kwetu ndiye aliyeuliza swali lile, naye aliliuliza kwa ajili ya kupanga mionzi. Hata leo CT inatupa sisi kitu ambacho MRI, picha ya sumaku, haitupi moja kwa moja: kila nukta ya picha ina namba inayosema jinsi mahali hapo panavyozuia mionzi. Maji ni sifuri, hewa ni hasi 1,000, mfupa unapanda juu. Kompyuta inazitumia namba hizo kukokotoa dozi. Na ni mahali pachache mwilini panapohitaji hesabu hiyo kama shingoni, ambapo ndani ya upana wa kiganja una hewa ya koo, gegedu, mfupa wa taya, misuli, mishipa mikubwa ya damu, na pengine jino lililozibwa kwa madini linalorusha miale juu ya picha nzima.

Walioanza kazi zamani kama mimi wanakumbuka tulivyofanya bila picha hizo. Mgonjwa alilazwa chini ya eksirei ya kupangia, tukaitazama mifupa, tukachora dirisha kutoka chini ya fuvu kushuka shingoni, mionzi ikapigwa kutoka kushoto na kulia. Dozi, tunayoipima kwa grei, ilipofika grei 40 au 44 tuliukinga ugwe mgongo, maana ukiuvuka uwezo wake mtu anapooza. Kila kilichokuwa ndani ya dirisha kilikula dozi, uvimbe pamoja na tezi za mate. Mgonjwa alipona saratani, akabaki na kinywa kikavu maisha yake yote.

Ukavu huo haueleweki mpaka umkalie karibu mtu anayeuishi. Mama mmoja niliyemtibu hakutoka nyumbani bila chupa ya maji. Alikunywa fundo moja kabla ya kila tonge la ugali, na usiku aliamka mara 4 kulowesha ulimi uliogandamana na kaakaa. Aliacha kwenda kwenye shughuli, kwa sababu pilau haimezeki bila mate na aliona aibu kukaa na sahani iliyojaa wakati wenzake wamemaliza. Meno yakamwoza moja baada ya jingine, kwani mate ndiyo yanayoyalinda. Kwenye faili lake tuliandika kwamba hana ugonjwa.

Ndiyo maana ilipokuja mionzi ya kuchongwa, hii tunayoiita IMRT, mimi niliipokea kama deni linalolipwa. Vibao vyembamba vya metali vinasogea mbele ya mwale na kuufinyanga ufuate umbo la shabaha. Waingereza walipima faida yake katika utafiti wa PARSPORT uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 94. Mwaka mmoja baada ya tiba, kati ya waliotibiwa kwa njia ya zamani asilimia 74 walikuwa na ukavu wa kinywa wa kusumbua. Kwa waliochongewa mionzi ilikuwa asilimia 38. Ukitaka kuielewa namba hiyo, mfikirie yule mama na sahani yake ya pilau.

Lakini lile dirisha la zamani lilikuwa na huruma moja, lilitusamehe. Tezi ya limfu ambayo daktari hakuiona ilikuwa ndani, ikapigwa pamoja na nyingine. Mionzi ya kuchongwa haina msamaha huo. Tezi uliyoisahau inabaki nje ya mstari, na nje ya mstari dozi inaporomoka ndani ya milimita chache.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila mmoja wenu alale akiufikiria. Unaitwa TROG 02.02. Ulikuwa wa kujaribu dawa iitwayo tirapazamine pamoja na mionzi kwa saratani za kichwa na shingo zilizokwisha kuwa kubwa, na ulihusisha vituo vya nchi mbalimbali. Dawa haikusaidia. Ila watafiti walikuwa wamekusanya mipango ya mionzi ya wagonjwa, wakaipitia mmoja mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Karibu asilimia 12 ya wagonjwa walikuwa na mipango yenye kasoro kubwa kiasi cha kuhatarisha tiba. Baada ya miaka 2, waliopangiwa vizuri waliokuwa hai walikuwa asilimia 70, na wale wenye kasoro kubwa asilimia 50. Vituo vilivyoingiza wagonjwa wachache ndivyo vilivyokosea zaidi.

Ishirini katika kila mia. Tuilinganishe na kemotherapi inayotolewa sambamba na mionzi, ambayo tunaipigania bajeti kila mwaka, na ni haki kuipigania. Uchambuzi mkubwa wa majaribio mengi ulionyesha kwamba inaongeza wanaobaki hai baada ya miaka 5 kwa asilimia 6 na nusu. Vipimo hivi viwili havifanani sawasawa, lakini mnaona uzito wa mstari ulivyo. Mashine ikifa, habari zinaandikwa. Mwaka 2016 ilipokufa mashine ya mionzi ya kobalti ya Uganda, iliyokuwa pekee nchini na imefanya kazi tangu 1995, dunia nzima ilisikia, na ilikuwa sawa isikie, maana nyingine haikuzinduliwa mpaka mwanzoni mwa 2018. Mstari ukichorwa vibaya Jumanne jioni, nani ataandika?

Sasa tuingie kwenye mistari yenyewe. Wengi mnaijua, nitapita haraka. Majina yake tumeyapata kwa tume ya kimataifa ya vipimo vya mionzi, ripoti yake ya 50 ya mwaka 1993. GTV ni uvimbe wenyewe, ule unaoonekana kwenye picha au kushikika kwa kidole, pamoja na tezi zilizoshikwa. CTV inaongeza mahali ambapo chembe za ugonjwa zimejipenyeza na hakuna picha inayoziona. Hapo tunachora kwa kuijua anatomia na tabia ya ugonjwa, tukisimama mfupa au hewa inapouzuia. PTV haihusu ugonjwa kabisa. Inatuhusu sisi: barakoa iliyolegea, meza iliyokaa milimita 2 pembeni, mgonjwa aliyemeza mate wakati mashine inawaka.

Hapo kwenye PTV nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokuwa wakarimu kupita kiasi. Chukueni uvimbe wa mviringo kamili wenye kipenyo cha sentimita 4. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 33 na nusu. Ongezeni milimita 5 pande zote, yaani kama nusu ya upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Ujazo unafika 65. Milimita 5 zimeuzidisha karibu mara 2. Ongezeni milimita 10 badala ya 5, na unafika 113. Nyama hiyo ya ziada si ya saratani. Ni misuli ya kumezea, ni tezi ya mate, ni mfupa wa taya ambao ukizidishiwa dozi unaweza kufa na kutoboka miaka kadhaa baadaye.

Kwa hiyo nikisema kwamba mteknolojia anayemfunga mgonjwa barakoa kwa subira anaokoa mate ya mtu, namaanisha hesabu hiyo. Mahali wanapopiga picha ya kuhakiki kila siku kabla ya kuwasha mionzi, PTV ya milimita 3 inaweza kutosha. Wasipohakiki wanalazimika kukaa kwenye 5 au zaidi. Milimita hizo 2 haziletwi na daktari. Zinaletwa na mikono ya asubuhi.

Dozi mnazijua. Grei 70 kwa uvimbe unaoonekana, grei 2 kila siku, siku 5 kwa wiki, wiki 7. Tezi za shingo zinazoshukiwa tu hupata grei 50 mpaka 54 hivi. Na wakati huohuo ugwe mgongo usizidi 45 hadi 50, shina la ubongo 54, na wastani wa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio ubaki chini ya 26 ikiwezekana. Soma namba hizo pamoja, mtaona kwamba tunataka kupika chungu kimoja pande mbili zenye joto tofauti. Mgonjwa mwenye saratani ya nyuma ya pua, ugonjwa ambao madaktari wa Kenya wameueleza tangu miaka ya 1960, ana uvimbe unaoegemea fuvu, sentimita moja au mbili tu kutoka shina la ubongo, na neva za macho zikipita juu yake. Pale milimita 2 za mchoro zinaamua kama mtu ataona.

Tuje kwenye picha sasa, maana kila picha ina inachokiona na inachokificha.

CT bila kontrasti, ile dawa ya kung'arisha mishipa, shingoni ni bahari ya kijivu. Tezi ya limfu na mshipa wa damu vinafanana kama mapacha. Kontrasti ikiingia mshipa unang'aa na tezi inabaki imesimama peke yake. Naomba sana, mgonjwa ambaye figo zake zinaruhusu asipigwe picha ya kupangia bila kontrasti, na vipande visizidi unene wa milimita 3. Hili linawezekana hata pale ambapo hakuna MRI.

MRI inaona nyama laini: ulimi, misuli ya koo, uboho wa fuvu ulioliwa na ugonjwa, na ule ugonjwa unaotambaa kwenye neva kama mchwa kwenye nguzo. Tatizo lake kwetu ni kwamba mara nyingi hupigwa mgonjwa akiwa ameegemea mto laini, kidevu kimeinama, halafu tunataka kuibandika juu ya CT ambayo kidevu kimeinuliwa ndani ya barakoa. Kompyuta itakubali kuzibandika. Kompyuta hukubali mambo mengi. Ninyi angalieni mfupa wa shingo kipande kwa kipande kabla hamjaamini.

PET ni picha inayofuata sukari. Mgonjwa anadungwa sukari yenye florini 18, ambayo nguvu yake inapungua nusu kila baada ya dakika 110, na mahali chembe zinapokula sana panawaka. Imekuja Afrika Mashariki miaka ya karibuni, na nafurahi kila ninapopata picha yake. Inaonyesha tezi ndogo ambazo jicho lingeziruka. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 564, ulionyesha kwamba PET ya kufuatilia baada ya tiba inaweza kumwepusha mgonjwa na operesheni ya shingo ambayo zamani ilikuwa karibu lazima, bila kupunguza uhai wake. Lakini sisi tunaishi nchi zenye kifua kikuu. Tezi ya TB inakula sukari kwa uchu kama ya saratani, nayo hukaa shingoni palepale. Nimeona tezi iliyowaka kama taa ya kituo cha mafuta, tukaichoma sindano, na jibu likarudi TB. Kabla hujaipa grei 70 tezi iliyo mbali na njia ya kawaida ya ugonjwa, mwombe mtu aichome sindano.

Na sasa nawaambia jambo ambalo limenikaa moyoni zaidi ya yote niliyosema.

Watafiti wa Ubelgiji, mwaka 2004, walichukua wagonjwa waliokuwa wanakwenda kuondolewa kongomeo. Wakawapiga CT, MRI na PET kabla ya operesheni, kisha wakaupima uvimbe wenyewe uliotolewa. PET ilikaribia ukweli kuliko nyingine. Lakini zote 3 zilikosa kitu kimoja: ugonjwa uliotambaa juujuu kwenye utando wa koo. Unene wake ni kama wa karatasi, na hakuna picha iliyouona. Jicho la daktari lenye taa ndilo linaloweza kuuona.

Niliujua utafiti huo. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi. Na jioni moja nikachora saratani ya findo la koo la kulia kwa kutumia CT peke yake, nimechoka, faili lipo pembeni limefungwa. Ndani ya faili, kwa mwandiko wa daktari wa masikio, pua na koo, kulikuwa na mchoro mdogo wa kalamu: kaakaa laini, na doa jekundu lililovuka mstari wa katikati kwenda kushoto. Sikulifungua. Mpango ulikuwa mzuri, mwanafizikia aliusifu, tezi ya mate ya kushoto ilibaki salama kabisa. Miezi 8 baadaye ugonjwa ulirudi kwenye kaakaa, upande wa kushoto. Niliiweka picha mpya juu ya mpango wa zamani. Ulikuwa umeota nje ya mstari wangu, umeugusa mstari kama mtu anavyoegemea ukuta.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilimweleza mwenyewe, yeye na mke wake, kwamba kosa lilikuwa langu na ni kosa gani. Mke wake aliniuliza, "Kwa hiyo karatasi ilikuwepo, daktari?" Nikamjibu, "Ilikuwepo, mama." Hilo ndilo swali alilouliza, na sijawahi kulisahau.

Kutoka hapo nilijiwekea sharti, na wote mtakaochora na mimi mtalikuta. Hakuna kuchora kabla ya kumtazama mgonjwa kinywani kwa taa na kidole, wewe mwenyewe. Ripoti ya kamera ya puani inafunguliwa na kusomwa kwa sauti. Kama aliyemwona ni daktari mwingine, anapigiwa simu. Na mchoro haupelekwi kwa mwanafizikia mpaka daktari wa pili ameupitia, kipande kwa kipande, akiwa na daktari wa radiolojia pembeni inapowezekana. Kituo chenye daktari mmoja tu kinaweza kumtumia mwenzake wa mji mwingine picha hizo na wakakaa kwenye simu nusu saa. Nusu saa kwa mgonjwa anayekwenda kupigwa mionzi wiki 7 si nyingi.

Kuna habari ya mwili unaobadilika, na hii nawaachia zaidi wateknolojia na wauguzi, kwa sababu ninyi ndio mnaomwona mgonjwa kila siku. Picha ya kupangia ni ya siku moja. Kufika wiki ya 3 au ya 4, koo limechubuka, uji unashuka kwa shida, nyama ya mashavu imepungua, uvimbe umesinyaa, tezi za mate zimepungua na kuvutwa kuelekea ndani, yaani kuelekea kwenye dozi kubwa. Barakoa ambayo mwanzoni iliacha alama za matundu usoni sasa inaingiza kidole. Msinyamaze. Asiyeweza kuingiza kidole Jumatatu na akaweza Ijumaa anahitaji picha mpya, na mara nyingine barakoa mpya na mpango mpya. Nimefanya kazi na mteknolojia kijana aliyekuwa akiandika kwenye kadi, kwa penseli, "kidole kimoja", "vidole viwili". Sikuhitaji kifaa kingine cha kunijulisha. Na mgonjwa apimwe uzito kila wiki, apelekwe kwa watu wa lishe mapema, mrija wa kulishia usisubiri mpaka amedhoofu. Daktari wa meno naye amwone kabla ya barakoa, meno mabovu yang'olewe na kidonda kipone, maana kung'oa jino kwenye taya lililokwisha kupigwa dozi kubwa ni kualika mfupa kufa.

Kwa viongozi wetu mliofika, nina ombi moja, halihusu ununuzi wa mashine. Kwenye ratiba ya daktari wa mionzi andikeni saa za kuchora, kama mnavyoandika saa za kliniki na za wodi. Shabaha ya shingo ikichorwa inavyopaswa, pamoja na viungo vyote vya kukingwa, inakula saa 2 au 3 za mtu aliyetulia. Sasa hivi kazi hiyo inafanyika baada ya saa za kazi, na mtu ambaye tangu asubuhi ameona wagonjwa 40. Nimewaeleza ilivyonitokea mimi jioni moja.

Basi tuanze. Mwenye swichi, naomba taa zipunguzwe. Kila meza ina bahasha, ndani mna historia ya mgonjwa, ripoti ya kamera na mchoro wa kalamu. Picha ya kwanza ni ya mama wa miaka 52, mtafunaji wa tumbaku tangu ujana, ana kidonda pembeni mwa ulimi upande wa kushoto. Wekeni kipanya pembeni kwanza. Fungueni bahasha, na mmoja katika kila meza awasomee wenzake kwa sauti.